Kupima Sauti ya Gitaa Kabla ya Kuirekodi katika Kompyuta

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza namna ya kupima nguvu ya sauti ya gitaa kabla ya kuirekodi.

Siku hizi mpiga gitaa aweza kurekodi nyumbani bila ya amplifaya. Zipo programu za kompyuta ziwezazo kuifanya sauti ya gitaa iwe nzito, ikwaruze, au irudi kama mwangwi. Mojawapo ni Guitar Rig, iliyotolewa mwaka 2004 na kampuni ya Native Instruments ya Berlin, Ujerumani. Lakini programu kama hii haiponyi sauti iliyoharibika kabla ya kuifikia. Mimi nililijua jambo hili kwa hasara.

Nilimrekodi mzee mmoja mpiga gitaa. Nilitaka sauti iwe kubwa, nikafungua mpaka mwisho. Mzee akapiga vizuri mno, mara moja tu, kisha akaaga akaenda safari yake. Niliposikiliza, kila alipozipiga nyuzi kwa nguvu palikuwa na mikwaruzo. Nikapunguza sauti. Mikwaruzo nayo ikawa midogo, lakini haikutoka. Kwa nini?

Fikirini lori lililojaa magunia kupita kiasi, nalo lapita chini ya lango. Magunia ya juu yataanguka. Hata dereva akienda polepole huko mbele, magunia hayarudi. Lango letu ni kile kisanduku kiunganishacho gitaa na kompyuta. Humo ndimo sauti igeuzwamo kuwa tarakimu, kwa kawaida mara 44,100 au zaidi kila sekunde. Kimo cha lango huandikwa 0. Wimbi la sauti likizidi kimo hicho, hukatwa kichwa. Programu iko upande wa pili wa lango; yapokea kile kilichobaki tu.

Basi, fuateni hatua hizi.

1. Chomekeni waya wa gitaa katika tundu lenye picha ya gitaa au herufi INST. Fungueni sauti ya gitaa lenyewe mpaka mwisho.

2. Zimeni mapambo yote ya programu. Mikwaruzo ya kutengenezwa yaweza kuficha mikwaruzo ya hasara.

3. Tafuteni katika kisanduku kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa GAIN. Andikeni neno hili madaftarini: G-A-I-N. Kirudisheni chini kabisa.

4. Pigeni nyuzi zote sita kwa nguvu ileile mtakayoitumia katika wimbo. Wengi hujaribu kwa upole, kisha wimbo ukipamba moto hupiga kwa nguvu maradufu.

5. Ongezeni GAIN kidogo kidogo, huku mkitazama kipimo cha programu kinachoonyesha sauti iingiayo. Mlio mkubwa kuliko yote ukifika karibu na -12, acheni hapo. Taa nyekundu ikiwaka, punguzeni.

Hesabu hizi huitwa desibeli. Ukishuka desibeli 6, kimo cha wimbi huwa nusu. Ukishuka 12, huwa robo. Kwa hiyo -12 huacha nafasi ya kutosha juu ya mzigo. Msiogope kwamba sauti ni ndogo. Yaweza kuongezwa baadaye. Ila isiwe ndogo mno, maana ukiiongeza, uvumi wa mitambo nao huongezeka.

Ukitaka kusikia zaidi unapopiga, ongeza kitufe cha spika au cha vifaa vya masikioni. Usiguse GAIN. Hilo ndilo kosa langu la siku ile.

Sasa washeni mapambo. Tazameni pia kipimo cha sauti itokayo. Nacho kisifike 0.

Maswali:
1. Kwa nini twazima mapambo kwanza?
2. Wimbi likikatwa langoni, laweza kurudishwa?
3. Ukitaka kusikia zaidi, utazungusha kitufe kipi?

Jadilianeni darasani. Kwa herini.