Mkienda Kuhesabiwa, Mtazameni na Bibi

Kuanzia katikati ya Desemba, stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, hufurika watu wa Rombo, Marangu, Machame na Kibosho. Wengine hupanda treni ya Moshi, iliyorejea mwaka 2019 baada ya kusimama zaidi ya miaka 20. Wanarudi kwao Kilimanjaro kwa Krismasi, au kuhesabiwa, kama wenyewe wanavyosema. Ikifika tarehe 24 jioni mbuzi kashafungwa, mbege inachacha, magari yamejaa hadi chini ya migomba, na bibi aliyekaa kimya mwaka mzima ana nyumba nzima ya wageni.

Tatizo huanzia hapo. Bibi anageuka mwenyeji. Anawaachia watoto kitanda chake, analala kwenye godoro na wajukuu, alfajiri yuko jikoni anapika mtori. Ukimuuliza hali atakujibu, "Nashukuru Mungu, mwanangu," na angejibu hivyo hivyo hata kama miguu imemvimba. Kwa hiyo mrudishieni kitanda chake usiku wa kwanza, kisha mtazameni kwa macho.

Anzeni na mfuko wa dawa. Karibu kila mzee anao, mfuko wa nailoni uliofungwa fundo na kuwekwa chini ya mto. Ndani mna vibahasha vya zahanati vilivyoandikwa kwa kalamu 1x1, 1x2, vingine wino umeshafutika. Vidonge vya presha vimechanganyika na vya sukari, vya mwezi uliopita na vya mwaka juzi. Vimwageni mezani, mketi naye, awaeleze kila kimoja anakimeza lini. Huenda mkagundua kwamba ile dawa ya presha inayomkojoza huiacha kila Jumapili, maana ibada ni ndefu na choo kiko mbali. Msimgombeze, ana sababu. Mwulizeni daktari kama anaweza kuimeza akisharudi kutoka kanisani.

Chakula cha sikukuu nacho kina mambo yake. Mzee hupewa kipande kizuri cha ndafu kwa heshima, na chumvi yake, na soda juu. Apewe, ila kidogo, na maji awekewe karibu, kwa kuwa mtu akizeeka hahisi kiu kama kijana. Njia ya kwenda choo cha nje iwekewe taa na mti wa kushikilia. Mvua za vuli huacha utelezi, na nyonga ikivunjika katika umri huo mara nyingi mtu harudi kutembea kama zamani.

Wewe unayefika mara moja kwa mwaka utaona wasichokiona wanaokaa naye. Chai inamiminwa nje ya kikombe: pengine ni mtoto wa jicho, anayeondolewa kwa operesheni fupi, na hospitali ya KCMC iko hapo hapo Moshi. Swali moja linarudiwa mara nne kabla ya chakula cha mchana. Watu watasema ni uzee tu, nami sikubaliani nao. Inaweza kuwa ugonjwa wa kusahau, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, na mengine kati ya hayo yanatibika.

Sasa nani atampeleka hospitali Januari? Kwa mila za Kichaga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, na mara nyingi mkewe ndiye anayeogesha, anayefua, anayeamka usiku. Vikao vya ukoo vya Desemba huzungumzia mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na michango ya harusi hadi giza linaingia, bila jina la mke huyo kutajwa. Naona hiyo ni dhuluma. Safari hii ajenda ya kwanza iwe bibi, na wa kwanza kusema awe huyo mama. Aulizwe anachohitaji, kiandikwe: hela ya dawa ya kila mwezi na nani anaituma, dada yupi atakuja kumpokea Pasaka ili naye akapumzike kwao wiki mbili, bodaboda gani ya kuitwa usiku na nani atailipa.