Duka likiporwa, mtaa mzima hupoteza



Tunapozungumza habari za vita vya Ituri, kwanza tunawakumbuka waliouawa, na ndivyo inavyostahili. Lakini kuna jeraha lingine linaloendelea kuwagawanya watu hata bunduki zikinyamaza: mali iliyoporwa. Katika makala hii tunaeleza jinsi uporaji wa maduka unavyobadilisha mitaa, na jambo gani linaweza kufanywa na familia zilizohama pamoja na viongozi wao, kuanzia Bunia hadi Aru.

Yaliyotokea Bunia

Mwezi wa Agosti 2002 kundi la UPC liliuteka mji wa Bunia. Walendu, Wangiti, Wabira na Wanande, ambao kati yao walikuwamo wafanyabiashara wengi, walishambuliwa, na wengi wakakimbia. Mwanzoni mwa Mei 2003 majeshi ya Uganda yaliondoka. Wapiganaji wa Kilendu na Kingiti walipigana na UPC ndani ya mji, na tarehe 12 Mei UPC iliuteka tena. Katika siku hizo maduka, nyumba na ofisi za mashirika ya misaada ziliporwa. Maelfu ya watu walijibanza karibu na uwanja wa ndege na makao ya MONUC. Kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoitwa Artemis kilifika Juni na kukaa hadi tarehe 1 Septemba 2003.

Hatuelezi haya ili kulilaumu kabila moja. Makundi ya pande zote yalipora, na watu wa makabila yote waliporwa.

Namna mtaa unavyobadilika

Duka la mtaani si chumvi na sabuni tu. Mama hukopeshwa hapo hadi mwisho wa mwezi. Kijana hupata kazi ya kubeba mizigo. Watu wa makabila mbalimbali hukutana, husalimiana na kuulizana habari za watoto.

Mwenye duka akikimbia, mambo hayo yote husimama. Mtu mwingine huingia katika nyumba yake, au mlango hubaki umevunjwa. Wateja wa kabila lake huacha kupita njia ile. Pole pole mtaa uliokuwa wa watu mchanganyiko hubaki wa kabila moja. Vita vikiisha, mwenye duka huogopa kurudi, kwa sababu mlango wake uko kwa jirani. Jirani naye huogopa kuulizwa. Hivyo watu wawili wasiokuwa na ugomvi hukwepana kwa miaka mingi.

Hasara hii hufika mbali. Bidhaa nyingi za Ituri hutoka Uganda na kupitia Aru, Ariwara na Mahagi. Mfanyabiashara wa Bunia akipoteza mtaji, muuzaji wa Ariwara hupoteza mteja.

Mali ya bei rahisi

Wengi wetu hatukuvunja duka la mtu. Lakini tulinunua bati, godoro au redio kwa bei ndogo, bila kuuliza imetoka wapi. Mnunuzi humpa mporaji sababu ya kurudi kupora. Sheria ya Kongo humwadhibu pia anayepokea mali akijua imeibwa.

Uporaji wakati wa vita ni jinai ya vita. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga kwa shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, na uporaji ulikuwa miongoni mwa makosa hayo. Mwaka 2019 Bosco Ntaganda naye alitiwa hatiani kwa makosa ya Ituri, ukiwamo uporaji. Mwaka 2017 majaji waliamuru waathiriwa 297 wa Bogoro wapewe dola 250 kila mmoja, pamoja na misaada ya pamoja kama makazi na elimu. Miaka 14 ilikuwa imepita. Majirani wanaweza kuanza mapema kuliko mahakama.

Tufanye nini?

• Familia zilizohama ziandike mali zilizoacha, na majina ya mashahidi, wakati kumbukumbu bado ni safi.
• Wakuu wa mitaa na viongozi wa dini wapange mahali na siku ambapo mtu anaweza kurudisha kitu bila kuaibishwa.
• Anayekaa katika nyumba ya mwingine azungumze na mwenyewe mbele ya wazee wa pande zote mbili, na mapatano yaandikwe.
• Soko lifunguliwe kwa wote. Kamati yake iwe na watu wa makabila mbalimbali, wakiwamo wanawake wauzaji.
• Tusiseme kwamba kila mkimbizi ni mwizi. Tangu Desemba 2017 familia nyingi za Djugu zimekimbilia Bunia, na nyingi kati yao ziliporwa kabla ya kufika. Wizi ukitokea, atafutwe aliyeiba, si kabila lake wala kambi yake.

Kurudisha mlango mmoja hakumalizi vita. Lakini mwenye mlango akirudi na kufungua duka, kesho yake jirani atahitaji chumvi, nao watalazimika kusalimiana.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, ni maduka gani yalifungwa, na wenyewe wako wapi leo?
2. Je, tuna kitu nyumbani ambacho tunajua ni cha mwingine?
3. Nani anaweza kuaminiwa na pande zote ili akipokee?