Fremu Tupu Zigeuzwe Baraza la Utamaduni: Muuzaji wa Mtandaoni Unafaidikaje?



Mzunguko wetu tunaujua. Korosho zikianza kwenda mnadani mwezi wa kumi, hela inaingia na fremu zinagombaniwa. Msimu ukiisha, hela inakata na wenzetu wanafunga mmoja mmoja. Katikati ya mwaka ni kufuli na vumbi. Mwenye fremu anasubiri mpangaji, na wewe unayeuzia WhatsApp huna hata pa kumwambia mteja "njoo tuonane". Mteja asiyekujua hatumi hela, anaogopa kupigwa.

Kuna njia inayowafaa wote wawili: fremu iliyokaa tupu itumike kwa muda kama sehemu ya utamaduni, watu waingie bure.

Wengine wameshafanya. Newcastle, Australia, ilikuwa na maduka mengi yaliyofungwa katikati ya mji. Mwaka 2008 Marcus Westbury alianzisha Renew Newcastle. Hawakununua jengo. Waliomba wenye majengo wawaachie wasanii na mafundi watumie bila kodi, kwa ruhusa ya siku 30 inayoongezwa. Mpangaji wa kulipa akija, wanampisha. Hapa kwetu, Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, ipo tangu 2008 kwenye eneo la maghala, na wasanii wanafanyia kazi humo.

Sasa sisi tunaanzaje?

1. Ongea na mwenye fremu kwa lugha ya faida yake. Usimwambie "tusaidie". Mwambie fremu itafagiliwa, itakuwa na watu, na anayetafuta fremu ataikuta wazi na safi. Iliyofungwa inaliwa na mchwa.

2. Andikeni. Hata ukurasa mmoja: ni ruhusa ya kutumia, siyo upangaji, ni ya mwezi mmoja mmoja, mkiambiwa mtoke, mnatoka baada ya siku ngapi. Hofu kubwa ya mwenye fremu ni watu kugoma kutoka. Mtoeni hofu hiyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

3. Gawaneni gharama ndogo. Bure haina maana hakuna anayelipa. Umeme wa LUKU, ufagio na kufuli vina bei. Wauzaji watano mkipokezana zamu, hakuna anayeumia.

4. Wekeni kitu cha kweli ndani. Vinyago vya Kimakonde vinajulikana duniani, na mtalii anavifuata Mwenge, Dar. Lakini mtoto wa Newala anaweza kumaliza shule bila kumwona mchongaji akishika tezo. Mleteni mzee achonge watoto wakiangalia. Bibi afundishe kufinyanga chungu au kusuka mkeka. Jioni wazee wasimulie hadithi kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Afisa utamaduni wa halmashauri apewe taarifa mapema, hasa kama kutakuwa na ngoma.

5. Heshimuni mipaka. Mambo ya ndani ya jando na unyago siyo ya kupiga video kutafuta wafuasi. Waulizeni wazee kipi kinaonyeshwa na kipi kinabaki huko huko. Ukikosea hapa, umepoteza mji mzima.

6. Usigeuze baraza kuwa duka. Mtu akiingia mara mbili akabanwa anunue, ya tatu haji. Bandikeni ukutani karatasi moja yenye majina ya biashara na namba zenu, basi.

Faida yako iko wapi? Mteja anakuona sura. Unapata pa kukutana naye palipo wazi, mchana, badala ya kuelekezana vichochoroni. Picha na mzee mchongaji, akikubali, inauza kuliko picha uliyoiokota mtandaoni. Mzee naye umtajie jina, na kazi yake ikiuzika apate chake.

Tusidanganyane: wiki ya kwanza hutauza. Na mwezi wa kumi ukifika mwenye fremu anaweza kuitaka. Mpeni ikiwa safi kuliko mlivyoikuta, mkamshukuru. Msimu ukiisha, ndiye atakayewapigia simu yeye.

Kesho pita mtaani kwako, hesabu kufuli. Chagua moja, ukamwone mwenyewe. Na umtumie mwenzako asome.