Gari ikichemsha njia ya Mlingotini, usikimbilie ndoo ya kisimani

Umetoka Dar asubuhi, Bunju umepita, Mapinga na Kerege zimebaki nyuma, gari iko poa kabisa. Unaiacha barabara kuu, unakata kulia kuelekea Mlingotini, mchanga unaanza. Unaweka gia ndogo, unakanyaga mafuta. Baada ya muda mshale wa temperecha umepanda na mvuke unatoka kwenye boneti.

Mbona kwenye lami haikuchemsha? Kwa sababu kwenye lami upepo ndio unaopoza rejeta. Feni inaweza kuwa imekufa wiki nzima na usijue. Kwenye mchanga injini inafanya kazi kubwa huku gari inatembea kama kinyonga. Joto ni jingi, upepo hakuna, na mzigo wote unabaki kwa feni.

Kwa hiyo gari inayochemsha kwenye mchanga au kwenye foleni ya Tegeta, halafu inapoa ukiikimbiza, anza kuangalia feni. Injini ikiwa inaunguruma, washa AC. Gari nyingi zenye feni ya umeme, feni inatakiwa izunguke hapo hapo. Isipozunguka, angalia fyuzi kwanza, kisha rilei, ndipo ufike kwenye mota. Fyuzi ni bei ya soda, lakini wapo waliouziwa rejeta nzima kabla mtu hajaifungua boksi ya fyuzi.

Ikichemsha ukiwa kwenye mwendo mkali, hapo stori ni nyingine: maji yamepungua, rejeta imeziba au pampu ya maji imechoka.

Sasa umekwama, ufanye nini? Mshale ukianza tu kupanda, zima AC na ufungue hita mpaka mwisho. Utatoka jasho, lakini hita inavuta joto kutoka kwenye maji ya injini. Usipoona nafuu, simama na uzime. Gari ndogo nyingi hazina mshale, zina taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi joto. Nyekundu ikiwaka usiseme "ngoja nifike pale mbele".

Mfuniko wa rejeta usiuguse. Maji yale yako ndani ya presha, ndiyo maana yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka, wakati maji ya sufuriani yanachemka kwa 100. Ukifungua, presha inatoka ghafla, maji yanageuka mvuke na yanakurukia usoni. Subiri nusu saa au zaidi. Minya hozi ya juu ukitumia kitambaa. Ikiwa bado ngumu, endelea kusubiri.

Wakati unasubiri, wenyeji watakuja na ndoo. Watu wa Pwani ni wakarimu, hawakuachi njiani. Tatizo ni hayo maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na rejeta za siku hizi nyingi ni za aluminiamu. Chumvi inaitafuna aluminiamu taratibu, kisha magamba yanaziba vile vijibomba vyembamba vya ndani. Leo utafika Bagamoyo vizuri tu. Miezi michache baadaye rejeta inavuja na hukumbuki kwa nini.

Omba maji ya mvua, au nunua ya kunywa ya chupa. Ukikosa kabisa, tia hayo ya kisimani ili uondoke, ila ukifika gereji yamwagwe yote, mfumo usafishwe, itiwe kulanti. Mimi natembea na dumu la lita tano nyuma ya siti, halinigharimu kitu. Na unapotia, injini iwe imepoa. Maji baridi kwenye injini ya moto yanaweza kuipasua silinda hedi.

Kulanti nayo usinunue kwa rangi. Kuna ya kuchanganya na maji na kuna iliyochanganywa tayari, soma chupa. Faida yake kubwa huku kwetu ni kuzuia kutu, na inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka.

Kuna jambo mafundi wengi hawatapenda nilisema: kutoa thamostati. Wanasema hii ni nchi ya joto, haina kazi. Inayo. Nyingi zinafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, ili injini ipate joto lake mapema na libaki hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta na inachakaa haraka. Kama imeganda, weka mpya.

Linalotisha zaidi ni gasketi ya silinda hedi. Maji yanapungua kila siku na chini hakuna tone, moshi mweupe unatoka hata injini ikishapata moto, na oili kwenye stiki imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kuna kipimo cha haraka: injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, jaza maji, piga stata. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hapo zima, tafuta gari ikuvute mpaka Bagamoyo mjini. Ukiilazimisha kutembea, hedi inapinda, na bili ya gasketi inageuka bili ya injini.