Nafaka ya Porini ya Nyanda za Baridi

Katika maeneo ya milimani yaliyo juu kuliko mahali ambapo baridi huizuia miti kuota, hasa penye malisho yenye unyevunyevu, hukua nyasi ya mafungu iitwayo kitaalamu Deschampsia cespitosa, ambayo sehemu ya kwanza ya jina lake humkumbuka Louis Auguste Deschamps, tabibu na mtaalamu wa viumbe kutoka Ufaransa. Huonekana Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na hata katika milima mirefu ya Afrika ya kitropiki. Majani yake yana mifuo mikali yenye silika, yaani madini yaleyale yanayounda mchanga, kwa hiyo hukwaruza mkono, na ng'ombe huyakwepa yanapokomaa.

Thamani yake kwa binadamu imo katika punje zake, ambazo ni ndogo mno, zenye urefu wa milimita 1 hadi 2 hivi. Wagosiute, wenyeji wa asili wa nchi kame ya mpakani mwa Utah na Nevada huko Marekani, walizila, kama ilivyoandikwa mwaka 1911 katika utafiti wa Ralph Chamberlin kuhusu mimea ya watu hao. Katika eneo hilo mbegu za nyasi zilikusanywa kwa kupiga masuke kwa kipigio cha vijiti vilivyosukwa, zikaangukia kapuni, kisha zikarushwarushwa kwenye ungo pamoja na makaa ya moto hadi zikaangike, zikapepetwa na kusagwa juu ya jiwe. Kazi hiyo ilihitaji ustadi mkubwa, na inastahili heshima ileile anayopewa mkulima wa ngano, kwa kuwa punje za porini hupukutika mara zinapoiva, na mkusanyaji akichelewa siku chache hukuta masuke matupu. Ngano, kinyume chake, hushikilia punje zake hadi ivunwe, tabia iliyotokana na binadamu kupanda tena, kizazi baada ya kizazi, mbegu za mashina yasiyopukutisha.

Nyasi hii pia huvumilia udongo wenye sumu: huko Sudbury, Kanada, ilienea kwenye ardhi iliyoharibiwa na viwanda vya kuyeyusha nikeli na shaba, na ndiyo maana hutumika kurudisha uoto katika migodi ya milimani. Mbegu zilizoota mahali pa namna hiyo hazifai kuliwa, wala zile zenye ergoti, kuvu jeusi lenye sumu linalochukua nafasi ya punje kwenye suke.