Je, Wajua? Kampuni Iliyotafuta Wokovu kwa Magari ya Kigeni

Je, wajua kwamba General Motors ya Marekani, kabla ya kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake tarehe 1 Juni 2009, ilijaribu kujinusuru kwa kuwauzia Wamarekani magari yaliyobuniwa na matawi yake ya ng'ambo? Miongoni mwayo lilikuwamo Astra, lililoundwa Ubelgiji na Opel, na Pontiac G8, lililotokana na Holden Commodore la Australia. Magari hayo yalikuwa mazuri kwelikweli, ila yalifika wakati dola ilikuwa dhaifu, hali iliyopunguza faida ya kila gari lililoingizwa, na mgogoro wa fedha wa 2008 ukawakimbiza wanunuzi.

Afrika Mashariki mbinu hiyo ilidumu zaidi. Kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1975, kwa ubia wa General Motors na Serikali ya Kenya, ilijijenga hasa kwa malori ya Isuzu ya Japani, ambayo huletwa yakiwa vipande na kuunganishwa kiwandani. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa katika maeneo ya kilimo, mfano Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu nchini Tanzania, ambako pamba husafirishwa kutoka vijijini hadi kwenye viwanda vya kuchambulia, lori huhitajika kuliko gari dogo la kifahari. Mwaka 2017 General Motors iliiuzia Isuzu hisa zake za asilimia 57.7, na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa.