Maji ya Kilimanjaro (4): Theluji tunayoililia, mfongo tulioutelekeza

Tangu UNESCO itangaze Novemba 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro haitauona mwaka 2050, simu yangu haitulii. Wasomaji wanauliza: je, mito nayo itakauka?

Wiki iliyopita tulimwacha mmisionari Rebmann, Mei 1848, akiukodolea macho weupe wa kilele, na aliyemwongoza akimwambia kwamba ile ni "baridi" tu. Aliposema ni theluji, mwanajiografia Cooley alimbeza akiwa kwake London. Nasi tunaitazama barafu kwa mbali vilevile, tukidhani ndiyo kisima chetu.

Siyo. Mwaka 1912 barafu hiyo ilikuwa na kilomita za mraba 12 hivi. Leo zaidi ya asilimia 80 imekwenda, na mchango wake mitoni ni kiduchu. Maji yetu hutoka msituni, upande wa kusini, panaponyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Juu zaidi, miti yenye ndevu za kijivu hunasa ukungu na kuudondosha tone kwa tone. Moto ukipita, kama Oktoba 2020, ukungu hauna pa kushika. Na ukame ndio unaoyageuza majani kuwa kuni.

Ngoja nirudi kwenye mfongo, maana naona unadharauliwa. Mfereji huu wa Wachagga huanzia juu korongoni, kwa mawe, magogo na mabonge ya majani yanayougeuza mto kidogo bila kuuziba. Penye bonde maji huvushwa kwa gogo lililochimbwa. Babu alikuwa akinituma alfajiri kufungua zamu yetu: unang'oa bonge la udongo kwa jembe, maji yanaingia kihambani, shamba letu la nyumbani, yakitanguliwa na povu na majani makavu ya mgomba. Jua likifika juu ya mringaringa wa jirani, unafunga. Hakuna aliyeziandika zamu popote. Pembe ikilia, kila kaya ilitoa mtu wa kusafisha. Asiyetokea alitoa pombe ya mbege au alikosa maji.

Wataalamu walisema mfereji wa udongo unavuja, heri wa saruji. Kweli unavuja, tena sana. Ila saruji haipigi pembe. Vijana wamehamia Arusha na Dar es Salaam, wazee wa mfongo tumewazika, na watu wazima wenye akili zao wamejenga kuta juu ya njia ya maji. Sisemi wenye viwanda vya ng'ambo hawana lawama kwa barafu inayoyeyuka. Nasema pembe hatukunyang'anywa nao.

Huko chini, Bwawa la Nyumba ya Mungu, la miaka ya 1960, linangoja maji ya Kikuletwa na Ruvu. Mitambo ya umeme ya Hale nayo inangoja hayohayo. Mto Pangani, unaoyabeba maji hayo, ukipungua nguvu, bahari hupanda nao pale Pangani mjini, na wenye minazi kando ya mto wanaona makuti yakigeuka manjano kwa chumvi. Hilo lilistahili makala nzima, lakini mhariri ameshanikata nafasi. Hale na minazi, wiki ijayo.